Usawa wa Gari-Nyumba na Kazi ya Jokofu Lake: Maelezo ya Jambo na Msamiati Wake

Kuna aina ya jokofu ambalo hupoza vyema maadamu limesimama sawa, na likiinama kupita kiasi huacha kupoza, ijapokuwa moto wake unawaka na hakuna kipande chake kilichovunjika. Likiachwa katika hali hiyo kwa muda, huharibika kabisa, na hata kulisimamisha sawa baadaye hakulirudishii uhai. Jokofu hilo ndilo ambalo kwa miaka mingi limefungwa katika magari-nyumba ya Marekani na Ulaya, yaani magari makubwa yaliyojengwa ndani yake vitanda, jiko, choo na sebule ndogo, ambayo wenyewe husafiri nayo na kulala humo popote wanapoegesha. Ndilo pia, kwa umbo la kabati lenye taa ya mafuta chini yake, lililofikishwa katika zahanati na misheni za Afrika Mashariki kabla ya umeme kufika huko. Makala hii yaeleza kwa nini usawa ni sharti la ubaridi katika chombo hiki, gari husawazishwaje, na ni maneno gani ya Kiswahili yanayoweza kuyabeba maelezo hayo pasipo kumpoteza anayeyafuata.

Suala la maneno halikuongezwa hapa kama pambo. Mwenye gari akiambiwa "hakikisha gari liko sawa", akatazama injini, magurudumu na breki, akajibu kwamba liko sawa, atakuwa amejibu kwa haki kabisa. Na jokofu lake litaharibika vile vile.

Moto unaoleta baridi

Majokofu mengi ya majumbani hutumia kompresa, yaani pampu inayoendeshwa na mota ya umeme, ambayo huishindilia gesi na kuizungusha kwa nguvu ndani ya mabomba. Jokofu linalozungumziwa hapa halina pampu ya namna hiyo wala mota. Laweza kuitwa jokofu la kufyonza, kwa kuwa tendo kuu linalopita ndani yake ni maji kuifyonza gesi ya amonia. Katika mabomba yake ya chuma, yaliyochomelewa yasipenyeze kitu, mna maji, amonia na haidrojeni. Huongezwa pia chumvi iitwayo kromati ya sodiamu, ambayo kazi yake ni kuzuia chuma kisiliwe na kutu. Chumvi hiyo itatajwa tena baadaye, maana ndiyo inayokuja kuliua jokofu lililoinama.

Anayetaka kukifahamu chombo hiki yafaa aanze na mtungi. Maji ya mtungini huwa baridi kuliko maji ya ndoo ya bati kwa sababu udongo huyapenyeza kidogo kidogo hadi nje, na huko hugeuka mvuke. Na kitu chochote cha majimaji kinapogeuka mvuke huchukua joto la pale kilipokuwa. Amonia hufanya kazi iyo hiyo kwa nguvu zaidi. Katika shinikizo la kawaida la hewa, amonia huchemka kwenye nyuzi 33 za Sentigredi chini ya sifuri. Kwa hiyo iko tayari kugeuka mvuke hata mahali penye ubaridi wa barafu, na inapogeuka hulipokonya joto kila kilicho karibu nayo. Kinachobaki ni kupata njia ya kuirudisha amonia iliyokwisha kuwa mvuke katika hali ya majimaji ili ifanye kazi tena, na kufanya hivyo bila mashine ya kuisukuma.

Kazi huanzia chini, katika kichemshio. Hapo mchanganyiko wa maji na amonia hupashwa moto kwa gesi ya propani, kwa waya wa umeme, au, katika majokofu ya zamani, kwa taa ya mafuta. Viputo vya mvuke wa amonia hupanda katika bomba jembamba na kuyasukuma juu maji yaliyo kati yake, kama kahawa inayochemka inavyopanda hadi mdomoni mwa mdila. Bomba hilo ndilo linaloshika nafasi ya pampu katika chombo kizima. Yakifika juu, maji hushika njia yake na kushuka yakiwa yamepungukiwa na amonia, ilhali mvuke wa amonia huendelea kupanda hadi kwenye mabomba yenye mapezi ya chuma yaliyo nyuma ya jokofu, ambamo hupoa, hutona na kuwa majimaji.

Amonia hiyo huteremka kwa uzito wake yenyewe hadi kwenye mabomba yaliyo nyuma ya chumba cha barafu. Huko hukutana na haidrojeni. Haidrojeni haiungani na amonia kikemia. Huijaza nafasi tu. Lakini kwa vile shinikizo la jumla ni lile lile katika mabomba yote, mahali palipojaa haidrojeni amonia hubaki na fungu dogo tu la shinikizo hilo, na kwa hiyo hugeuka mvuke kwa wepesi. Hapo ndipo ubaridi unapopatikana. Mvuke wa amonia ukichanganyika na haidrojeni huwa mzito kuliko haidrojeni peke yake, kwa hiyo huzama hadi chini, ambako huyakuta yale maji yaliyopungukiwa yakichuruzika taratibu katika bomba lililokunjwakunjwa. Maji yasiyo na amonia nyingi yana uchu nayo ajabu: yaweza kuifyonza gesi hiyo kwa mamia ya ujazo wa maji yenyewe. Huifyonza, huiachilia haidrojeni ipande tena, nayo yakiwa yameshiba hurudi katika kichemshio.

Katika mzunguko huo wote, basi, vitu huendeshwa na mambo mawili tu: joto linalopandisha na uzito unaoshusha. Kila bomba limepewa mteremko wake kiwandani, nao ni mteremko mdogo. Gari likiegeshwa kilimani, kilima hicho hujumlishwa na mteremko wa kila bomba, au hutolewa kwake.

Asili ya chombo na njia zake mbili

Wazo la kutumia amonia na maji ni la zamani kidogo. Mfaransa Ferdinand Carré alipewa hataza ya mashine ya namna hiyo mwaka 1859, lakini yake ilihitaji pampu ya kuyarudisha maji. Waliofaulu kuiondoa pampu ni vijana wawili waliokuwa wanafunzi katika chuo cha ufundi cha Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, ambao mwaka 1922 walifikiria kutia haidrojeni ndani ya mabomba. Kampuni ya Electrolux iliuchukua uvumbuzi wao mwaka 1925. Ni chombo kilichowavutia hata wanafizikia wakubwa: Albert Einstein na Leo Szilard walipewa hataza ya jokofu lao wenyewe lisilo na mota huko Marekani mwaka 1930, ingawa halikuenea sokoni.

Kutoka hapo chombo hiki kilishika njia mbili. Njia ya kwanza ilikwenda mahali pasipo na umeme. Jokofu la mafuta ya taa lilifika kwenye mashamba ya walowezi, kwenye misheni na kwenye zahanati za Afrika Mashariki, na baada ya Shirika la Afya Duniani kuanzisha mpango wake mpana wa chanjo mwaka 1974, lilikuwa mojawapo ya vyombo vilivyotegemewa kuhifadhi chanjo vijijini. Chanjo nyingi zahitaji kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi. Zikipata joto kwa muda nguvu yake hupungua, na mtazamaji hawezi kuona tofauti yoyote ndani ya chupa. Jokofu lililowekwa juu ya sakafu ya udongo iliyobonyea upande mmoja liliweza, kwa hiyo, kumfanya mtoto adungwe sindano isiyomkinga.

Njia ya pili ilikwenda barabarani. Nchini Marekani magari-nyumba yalianza kuwa bidhaa ya watu wa kawaida katika miaka ya 1960. Kampuni ya Winnebago, kwa mfano, ilianza kuyatengeneza katika mji wa Forest City, jimbo la Iowa, mwaka 1966. Jokofu la kufyonza liliyafaa mno. Humaliza mtungi wa gesi taratibu, halina kelele usiku, na halihitaji umeme mwingi. Kila majira ya baridi wenye magari-nyumba kwa maelfu huhamia jangwa la Arizona, hasa kandokando ya mji mdogo wa Quartzsite, na wengi wao hukaa kwa wiki nyingi kwenye ardhi ya umma isiyo na nyaya za umeme. Jangwa hilo lina changarawe, na kwa macho ya anayelitazama kwa mbali ni bapa kama meza. Aliyeegesha humo hugundua kwamba sivyo.

Jokofu lililoinama

Mwinamo ukizidi, mteremko uliokusudiwa katika baadhi ya mabomba hupotea au hugeuka kinyume. Majimaji yaliyopaswa kurudi chini hutuama njiani, kama maji ya mvua katika mfereji uliojengwa vibaya. Kichemshio hakiletewi tena kiasi cha kutosha, na moto haujui hilo, huendelea kuwaka. Maji ya ndani hupungua, chuma hupata joto kisichostahimili, na ile kromati ya sodiamu hujitenga na maji ikawa chembe ngumu. Chembe hizo hulikaa lile bomba jembamba. Siku bomba linapozibika, hakuna kitakachopanda tena, na jokofu limekwisha.

Jambo linalowapoteza wengi ni kwamba madhara haya hujumlika. Usiku mmoja wa kuegesha vibaya huacha chembe chache tu, na kesho yake jokofu hupoza kama kawaida. Mwenyewe hujenga imani kwamba habari za usawa ni porojo za wauzaji. Msimu unaofuata huongeza chembe nyingine, na jokofu linapokufa siku moja gari likiwa limesimama sawasawa kabisa, lawama huenda kwa gesi, kwa joto la siku ile, au kwa fundi wa mwisho kuligusa. Wako mafundi wanaoling'oa jokofu lililokufa na kulipindua miguu juu ili vitu vya ndani vichanganyike upya. Dawa hiyo yaweza kusaidia pale ambapo majimaji yamekaa mahali pasipo pake. Lakini chembe zilizokwisha kugandamana katika bomba hazina sababu ya kuondoka kwa kupinduliwa, na aliyepona kwa njia hiyo hana haki ya kustarehe.

Dalili si nyingi. Kichemshio kikiwa cha moto na chumba cha barafu kikibaki vuguvugu, mzunguko umekatika. Harufu kali ya amonia, au unga wa manjano nyuma ya jokofu, ni ishara kwamba bomba limepasuka; hapo moto uzimwe mara moja, milango ifunguliwe na watu watoke, kwa sababu amonia ni sumu na haidrojeni huwaka. Ama vyakula, mamlaka za Marekani zashauri vikae kwenye nyuzi 4 au chini yake, na vile vinavyooza upesi, kama nyama na maziwa, vitupwe vikipita saa 2 juu ya kiwango hicho.

Mambo mawili humwondolea mwenye gari hofu isiyo na msingi. Kwanza, gari linapokwenda huinuka na kuinama huku na huku bila kudumu katika hali moja, na majimaji hupata nafasi ya kurudi njiani mwake. Hatari ni ya kusimama. Pili, jokofu lililozimwa halidhuriki kwa kuinama. Anayelazimika kuegesha kwenye mteremko kwa saa moja au mbili ili anunue vitu sokoni azime, aufunge mlango, na ubaridi uliomo utatosha.

Sawa, bapa na mlalo

Neno *sawa* limetoka katika Kiarabu na limekwisha kukaa mahali pengi katika Kiswahili. Vitu viwili hulingana, ni sawa. Jibu la hesabu ni sahihi, ni sawa. Mtu akubali jambo, husema "sawa". Mashine haina hitilafu, iko sawa. Na sakafu isiyoinama nayo ni sawa. Maana hizi zina undugu, lakini undugu wenyewe ndio unaoleta matata, kwa kuwa katika sentensi *gari liko sawa* maana ya nne hujitokeza kabla ya ile ya tano. Kitenzi *kusawazisha* kina uafadhali, maana hutaja tendo lenye kuondoa tofauti. Hata hivyo msikilizaji wa matangazo ya mpira atakumbuka kwamba mabao nayo husawazishwa.

Maneno *tambarare* na *bapa* hayafai kushika nafasi yake. Yote mawili hueleza uso usio na mabonde wala vilima, wala hayasemi lolote kuhusu mwelekeo wa uso huo. Ubao ulioegemezwa ukutani ni bapa, na mpira ukiwekwa juu yake utabingirika. Kosa la mwegeshaji wa Quartzsite ni hilo hasa: ameuona ubapa akadhani ameuona usawa. Neno la kijiometri *mlalo*, lililozoeleka katika vitabu vya hesabu likiwa mwenzi wa *wima*, ni sahihi kabisa, na udhaifu wake ni kwamba halitembei sana nje ya darasa.

Waliolimaliza jambo hili mapema ni mafundi waashi na maseremala. Wao hawategemei kivumishi, hutaja chombo. Wima hujulikana kwa timazi, mlalo kwa pimamaji. Pimamaji la kawaida ni kichupa cha kioo kilichopindika kidogo mno, chenye majimaji na kiputo cha hewa, nacho kiputo hukimbilia sehemu iliyo juu kuliko zote. Mfaransa Melchisédech Thévenot alikibuni katika karne ya 17. Kwa kuwa kipimo hicho kinajulikana kwa kila mjenzi, *usawa wa pimamaji* ni msemo usiohitaji kuelezwa, na mtu akiambiwa kwamba gari lapaswa kuwa katika usawa wa pimamaji hatakwenda kutazama injini. Tahadhari moja yahitajika katika maelekezo: kiputo huonyesha upande ulio juu, na upande wa kuinuliwa ni ule kilioukimbia. Anayeanza kazi hii aghalabu huinua upande wa kiputo, akazidisha ubaya.

Kwa upande wa kasoro, lugha ina utajiri usiotumiwa. *Kuinama*, kama mwili wa binadamu unavyoinama, ni kwenda mbele kwanza. *Kulala upande* ni kwa ubavu. Mabaharia wana *mrama* kwa kuyumba kwa chombo baharini, na neno hilo limekwisha kupanda pwani likawa la kila jambo linaloharibika. *Kupinda* lisitumiwe hapa: gari lililopinda ni la kupelekwa kwa fundi wa bodi.

Upande wa nani?

Ugumu mkubwa zaidi umo katika vipimo vyenyewe. Watengenezaji wa majokofu mengi ya aina hii huruhusu mwinamo wa nyuzi 3 kwa upande, na nyuzi 6 kwa mbele na nyuma; ya zamani yalikuwa makali zaidi. Sababu ya tofauti hiyo yaonekana kwa anayelitazama jokofu mgongoni. Mabomba yake yametandazwa kama picha ukutani, yakienda kulia na kushoto kwa miteremko midogo, kwa hiyo mwinamo wa ubavuni huigusa miteremko hiyo moja kwa moja, na mwinamo wa kwenda mbele au nyuma huigusa kidogo.

Sasa, mbele ya jokofu ni mlango wake. Mbele ya gari ni kule liendako. Na katika magari-nyumba mengi jokofu limefungwa kwenye ukuta wa ubavuni, mlango ukielekea ndani ya ujia. Katika hali hiyo upande wa jokofu ni urefu wa gari, na mbele ya jokofu ni upana wa gari. Msomaji wa maelekezo akiachiwa "upande" na "mbele" bila mwenyewe kutajwa, ataanza na gari, kwa sababu ndilo alilosimama karibu nalo, na atavikosea vipimo vyote viwili.

Ukubwa wa kosa wapimika. Chukua gari ambalo magurudumu yake ya kulia na kushoto yameachana kwa meta 2, na ya mbele na nyuma kwa meta 4. Jokofu lake likiwa limeelekea mbele au nyuma ya gari, nyuzi 3 za upande ni tofauti ya kimo cha sentimeta 10.5 kati ya magurudumu ya kulia na ya kushoto, na nyuzi 6 ni sentimeta 42 kati ya ya mbele na ya nyuma. Jokofu likiwa limefungwa ubavuni, mpaka wa upande wahamia kwenye urefu wa gari na kuwa sentimeta 21, na mpaka wa mbele wahamia kwenye upana na kuwa sentimeta 21 vile vile. Mwenye gari la namna hii ya pili aliyesoma kama wa kwanza atajiona salama nyuma ya gari lake likiwa limeshuka sentimeta 35, naye yumo ndani ya maangamizi.

Kiswahili cha kila siku hakimsaidii sana hapa. *Mbele ya msikiti* kwa mmoja ni mlangoni pake, kwa mwingine ni kule kunakofuata baada ya kuupita. *Kulia* na *kushoto* hufuata mwili wa msemaji, na anayelikabili jokofu ana kulia kwake palipo kushoto kwa jokofu. Lugha ya chombo cha baharini yaweza kutoa msaada, kwa kuwa baharia hakuliachia jambo hili bahati: *omo* ni sehemu ya mbele ya chombo na *tezi* ni ya nyuma, popote aliposimama msemaji na kokote alikogeuza uso. Kuyahamishia maneno hayo kwenye gari si kuyaonea, maana gari-nyumba, kama jahazi, ni chombo chenye watu, maji na vyakula, na chenye upande mmoja tu wa kuendea. *Joshi* na *demani*, kwa upande mwingine, hayafai, kwa kuwa yafuata upepo na hubadilika chombo kinapogeuka. Pale maneno ya pwani yatakapoonekana ya kigeni kwa msomaji wa bara, yatosha kutaja mwenyewe kila mara: *ubavu wa jokofu*, *urefu wa gari*, *upana wa gari*. Maneno mawili badala ya moja si gharama kubwa.

Jokofu la zahanati halikuwa na taabu hii. Lilisimama chumbani peke yake, mbele yake ilikuwa mlangoni pake, na aliyelisawazisha kwa kabari za mbao chini ya miguu hakuwa na gari la kumchanganya.

Kusawazisha

Kazi yenyewe ni fupi kuliko maelezo yake. Jambo la kwanza ni kuchagua mahali, na dakika chache za kuzunguka kiwanjani huokoa nusu saa ya kuinua. Pimamaji huwekwa ndani ya chumba cha barafu cha jokofu, si juu ya dashibodi, kwa sababu usawa unaotakiwa ni wa jokofu; baada ya kulisawazisha mara moja hivyo, mwenyewe aweza kubandika pimamaji jingine ukutani lenye kukubaliana na lile la ndani, akalitegemea hilo daima.

Upana wa gari hushughulikiwa kwanza. Kwa gari lililotajwa juu, kila sentimeta 3.5 chini ya magurudumu ya upande mmoja huondoa takriban uzi 1. Mbao au vipande vya plastiki vyenye mteremko hupangwa mbele ya magurudumu hayo na gari huendeshwa juu yake polepole, mtu mmoja akiwa nje akitazama. Gurudumu likae lote juu ya ubao. Likining'inia nusu, mpira huumia. Halafu hufuata urefu, kwa mbao vile vile au kwa jeki zilizofungwa kwenye gari lenyewe. Jeki huwekewa ubao mpana chini yake, hasa penye mchanga, na kabla ya kuziteremsha magurudumu huzuiwa kwa kabari. Magurudumu ya nyuma yasiinuliwe yakaachana na ardhi: katika magari mengi ya aina hii ndiyo yanayoshikwa na breki ya kuegeshea, na gari lililoinuliwa nyuma limebaki bila kizuizi. Mteremko ukidai kuinua kiasi hicho, mahali penyewe pamekataa, na gari lihamishwe.

Ukamilifu hautakiwi. Kiputo kikiwa karibu na katikati pande zote mbili, jokofu limetosheka. Wazoefu husema kwamba mtu akiweza kulala bila kuhisi kichwa kikishuka, jokofu nalo liko salama. Na kwa majokofu yanayoruhusu nyuzi 3 kauli hiyo haiko mbali na kweli, maana mwinamo wa nyuzi 3 huhisika kitandani.

Katika miaka ya karibuni magari-nyumba mapya mengi yametiwa majokofu ya kompresa yanayotumia betri na nguvu za jua, na zahanati zisizo na umeme nazo zimepata majokofu ya jua ya namna hiyo. Kompresa husukuma, kwa hiyo haiulizi sana habari za mteremko. Majokofu ya kufyonza bado yako barabarani kwa wingi, katika magari yaliyokwisha kuuzwa mara ya pili na ya tatu, ambayo vitabu vyake vya maelekezo vilipotea zamani. Na hata mwenye jokofu jipya huendelea kupanga mbao zake jioni, kwa kuwa maji ya bafuni hayaendi kwenye tundu lake gari likiwa limelala upande, wala mafuta hayatulii katikati ya kikaango.